Haki ya Njia: Somo kwa Watu wa Kwaluguru na Jirani Zao

Somo hili ni la haki ya njia. Nayo ni haki ambayo wengi katika watu waijuao vyema fiqhi ya udhu na sala hawajui hukumu zake, wala hawaihisabu kuwa ni katika dini. Mtu akiulizwa ni lipi lililokatazwa njiani, hujibu kuwa ni kujisaidia mahala pa kupita watu, na kutupa miiba, khalafu hunyamaza. Hali ya kuwa vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi vimeitaja njia katika milango mingi: katika mlango wa sulhu, na wa kuhuisha ardhi, na wa diya, na wa khasara zinazofanywa na wanyama. Na mzizi wa yote hayo ni mmoja: njia ni mali isiyo na mwenyewe mmoja, bali ni ya killa mpitaji, na fungu la kipofu na la mtoto ndani yake ni sawasawa na fungu la mwenye farasi.

Ili hukumu hizi zisibaki karatasini tu, umechukuliwa mfano wa mahala pamoja, napo ni Kwaluguru.

Kwaluguru ni kata ya wilaya ya Handeni, katika nchi ya Wazigua, na upande wa kaskazini wa wilaya hiyo ndiko waliko watu wa Korogwe. Majina ya mahala pengi pa huko huanza kwa neno "Kwa": Kwamatuku, Kwachaga, Kwasunga, Kwankonje. Na katika nchi hiyo zipo njia za namna tatu, na killa namna imeletwa na zama zake. Ya kwanza ni kijia cha mguu, nacho ni cha kale kuliko serikali zote. Zama za misafara, wapagazi waliotoka Saadani na Pangani kwenda bara walikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe, na kijia kikawa na upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Ya pili ni njia ya udongo, ya mashamba na ya vijiji. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ingali hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka mbegu hiyo mkonge ukaenea katika nchi ya Tanga, na reli ilipofika Korogwe mwaka 1902 mashamba yakapata njia ya kupelekea singa pwani. Basi palipo na mkonge pana njia zilizonyoka kama uzi, zilizokatwa kwa ajili ya kutoa majani shambani, wala hazikukatwa kwa ajili ya mtoto aendaye chuoni. Ya tatu ni barabara ya lami: ile kubwa itokayo Chalinze ikapita Mkata na Segera hatta Korogwe, na ile ya Korogwe kwenda Handeni, na ile ya Handeni kwenda Mkata, ambazo zilitiwa lami baadaye sana.

Mtu wa nchi hiyo huweza kuzipita zote tatu kwa siku moja. Na afaa atazamwe ni mtu gani. Alfajiri hupita wanawake na ndoo vichwani, na wanafunzi wa skuli. Khalafu hupita wanaume na baiskeli zilizofungwa magunia ya mkaa, au ya mahindi, au madumu ya maji. Shida ya maji katika Handeni ni ya zamani, hatta ikalazimu katika miaka ya 1970 kuvutwa maji kwa bomba kutoka mto Pangani upande wa Korogwe. Na vipo vijiji ambavyo baiskeli ndiyo bomba lao. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mtu akifunga madumu manne anasukuma kilo 80, mbali na uzito wa baiskeli yenyewe, na mtu huyo hawezi kuruka kando asikiapo mlio nyuma yake. Akiruka, baiskeli humwangukia. Jambo hili dogo na likumbukwe, kwani hukumu moja kubwa inayokuja chini imejengwa juu yake.

Na jioni, baada ya Maghribi au Isha, hurudi watoto kutoka chuoni wameshika juzuu zao, na giza limekwisha kuingia. Hao ndio wapitaji walio dhaifu kuliko wote. Ni wafupi kuliko nyasi za kandoni, na akili zao hazijaweza kupima upesi wa kitu kinachowajia.

Zamani khatari ya njia hizi ilikuwa ni nyoka na shimo. Tangu miaka ya 2000 pikipiki zimekuwa nyingi, na bodaboda imekuwa ndiyo gari ya vijijini. Na chombo hicho kimeleta rehema ambayo hakuna mwenye insafu awezaye kuikanusha: mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku hufikishwa hospitali kwa pikipiki pale ambapo gari haipiti, na mkulima hufikisha mazao yake sokoni kabla hayajaoza. Si haki kuwatupia vijana wa bodaboda lawama zote, kama wafanyavyo baadhi ya wazee barazani. Lakin chombo kiendacho kama upepo, na kijia kilichopimwa kwa mguu wa mpagazi, ni vitu viwili visivyojuana. Tena wametokea watu wasemao: "Njia ni ya mwenye haraka, mwenye miguu na akae kando." Neno hilo ni batili, na sehemu kubwa ya somo hili ni kulibatilisha.

Wala khatari hii si ya kukisiwa. Katikati ya mwezi wa Januari mwaka 2025, wakati wa usiku, katika Chang'ombe ya kata ya Segera, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Handeni, watu walikusanyika barabarani kuwasaidia waliopatwa na ajali, na lori likawajia hapo hapo walipo. Wakafa watu 11 na wakajeruhiwa 13. Walikuwa wamesimama kwa miguu yao, na walikuwa katika tendo jema. Na Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za njiani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa ni waendao kwa miguu, na wapanda baiskeli, na wapanda pikipiki. Mwenye bati la gari limzungukalo hufa kwa uchache kuliko asiye na kitu kimkingacho.

MAS-ALA: Manufaa ya njia ni nini? Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, na kitabu chake Minhaj kimesomeshwa katika pwani hii vizazi kwa vizazi, ameweka wazi kuwa manufaa ya njia ya watu wote ni kupita. Kukaa humo kwa kupumzika au kwa kuuza na kununua kumeruhusiwa, wala hakuhitaji idhini ya mtawala, kwa sharti moja: kusiwadhikishe wapitao. Basi kijiwe cha bodaboda kilichopo njia-panda ni halali, na meza ya mwenye kuuza machungwa ni halali, maadamu mwenye ndoo kichwani hapati kulazimika kushuka lamini kwa ajili yao. Akilazimika, uhalali umekwisha hapo. Na mfano wa hayo ni kuanika mahindi juu ya lami wakati wa mavuno. Mwanikaji huona kuwa amepata sakafu safi isiyo na gharama. Haoni kuwa amemsukuma mpanda baiskeli kutoka ukingoni hatta katikati, mahala pa malori.

MAS-ALA: Upana wa njia. Imepokewa kwa Mtume s.a.w. kuwa watu wakikhitalifiana katika upana wa njia, ifanywe dhiraa saba. Dhiraa haifiki nusu mita, basi saba zake ni mita tatu na zaidi kidogo. Na wanachuoni wamebainisha kuwa kipimo hicho ni cha njia mpya, pale wenye ardhi wanapokosa kupatana; ama njia iliyokwisha kupitwa na watu ikiwa ni pana kuliko hapo, hapana ruhusa kwa mtu yeyote kuikata hatta kidogo. Na hapa ndipo wakulima wengi wameteleza. Killa msimu jembe husogea shubiri moja. Mwaka wa kwanza ni mstari mmoja wa mahindi, mwaka wa tatu ni mistari minne, na njia iliyokuwa ikipishana baiskeli mbili huwa haipishani hatta watu wawili. Mwenye shamba husema, "Ardhi yangu imefika hapo." Haikufika, yeye ndiye aliyefika. Na adhabu ya mwenye kunyang'anya shubiri ya ardhi ya mtu mmoja inajulikana na Waislamu wote. Basi yeye amenyang'anya ya watu wasiohisabika, na akitaka kuomba radhi hajui aanzie kwa nani.

Ama barabara kubwa, serikali imeziwekea hifadhi kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, nayo ni mita 60, yaani 30 killa upande kutoka katikati. Na katika hifadhi hiyo ndimo penye nafasi ya kufanya kijia cha waendao kwa miguu, mbali na magurudumu. Anayejenga kibanda humo huidhulumu nafasi hiyo kabla ya kuidhulumu serikali.

MAS-ALA: Vitu vinavyotokeza juu ya njia. Mafakihi wamejadiliana juu ya roshani itokezayo katika nyumba ikawa juu ya vichwa vya wapitao, na wakasema: haijuzu illa iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka 1058, akaongeza: na mzigo wake uwe kichwani. Na ikiwa njia ni ya misafara, basi iwe juu kiasi cha kupita ngamia na kitundu chake mgongoni. Na aizingatie msomaji namna walivyopima. Hawakutaja dhiraa kadha wa kadha. Walitazama ni nani apitaye na ni mzigo gani alio nao, wakaifanya njia imfuate yeye, wala hawakumfanya mpitaji aifuate njia. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mhandisi wa leo huifikia kwa vitabu vyake vingine.

Kwa kanuni hiyo, tawi la mwembe linalomlazimu mpanda baiskeli kuinama ni udhia, na kukatwa kwake kwampasa mwenye mwembe. Na jani la mkonge lililoachwa likaingia njiani na mwiba wake mweusi nchani, ambao hufika machoni mwa mtoto, ni udhia zaidi. Inajulikana khabari ya mtu aliyeghufiriwa dhambi zake kwa sababu ya tawi la miiba aliloliondoa njiani; na katika nchi ya mkonge, mlango huo wa maghufira uko wazi asubuhi na jioni, na waupitao hawaonekani kuwa wengi. Vivyo hivyo nyasi ndefu katika kona. Baada ya masika nyasi hufika kimo cha mtu, na pikipiki na mtoto huonana pale ambapo hapana tena nafasi ya kuepukana. Kufyeka kona moja, pande zote mbili, hatua thalathini huku na thalathini huku, ni kazi ya watu wachache kwa asubuhi moja.

MAS-ALA: Dhamana. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hudhani ni adabu tu, kumbe ni deni. Mafakihi wamesema kuwa mwenye kutupa takataka au maganda ya matikiti njiani, mtu akateleza akaumia, basi ana dhamana juu yake. Na mwenye kuchimba kisima katika njia nyembamba kikawadhuru wapitao, ana dhamana, hatta akiwa amepewa idhini. Basi na apime mwenye lori. Lori huharibika mlimani, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani ili kuwaonya wenzake. Hapo amefanya vyema. Khalafu lori hutengenezwa, hung'oka, likaenda zake, na mawe yakabaki. Usiku huja mpanda baiskeli asiye na taa. Jiwe lile ni ganda la tikiti, tena ni zito kuliko ganda.

Na limezuka jambo jingine lenye kuhitaji kutazamwa kwa makini. Mtoto akisha kugongwa, watu wa kijiji hushikwa na ghadhabu, wakalala na majembe, na asubuhi pana tuta la udongo au gogo limelazwa kuvuka njia. Nia yao ni njema na majonzi yao ni ya haki. Lakin tuta lisilo na alama, lisiloonekana usiku, humwangusha mwenye baiskeli na madumu yake kabla ya kumpunguza mwendo mwenye pikipiki, ambaye hulizunguka kando, pale pale wapitapo watoto. Nia njema haiondoi dhamana katika kitu kiwadhurucho wapitao. Tuta na liombwe kwa mamlaka iliyokabidhiwa njia: kwa lami kuu ni TANROADS, na kwa njia za vijijini ni TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Na barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri, iliyotaja mahala na namba ya walioumia hapo, hufika mbali kuliko gogo.

MAS-ALA: Kumtanabahisha mpitaji. Hii ndiyo hukumu iliyoahidiwa hapo juu, nayo ni nzuri mno. Wamesema mafakihi juu ya mtu aliyebeba kuni mgongoni au juu ya mnyama akaingia nazo sokoni: pakiwa na msongamano, akiharibu nafsi au mali ana dhamana. Pasipo msongamano, nguo ya mtu ikiraruliwa na kuni hizo, hana dhamana, kwani mwenye macho alikuwa na uwezo wa kujiepusha. Illa watu wawili: kipofu, na aliyempa mgongo. Hao ni wajibu kuwatanabahisha, na asipowatanabahisha, ana dhamana.

Nani aliyempa mgongo mwenye pikipiki? Ni mwanamke mwenye ndoo. Ni mtoto atokaye chuoni. Ni yule mwenye kilo 80 za maji. Wote hao wamempa mgongo, na dhima yote iko kwake yeye ajaye nyuma. Basi kengele ya baiskeli na honi ya pikipiki si pambo wala si amri ya kuwaambia watu waondoke. Ni wajibu wa mwenye kuja nyuma, apige mapema, mara moja, kwa mbali, si sikioni mwa mtu. Tena kupiga peke yake hakutoshi. Huenda mbele yuko kiziwi. Huenda yuko mtoto ambaye akishtuka hukimbilia upande usiotakikana. Na yule mwenye madumu amesikia, lakin hana uwezo wa kutoka upesi. Kutanabahisha hufaa kwa mtu awezaye kujiepusha. Asiyeweza, hapana budi kumngojea. Apunguze mwendo hatta uwe kama wa mtu akimbiaye, apishe kwa nafasi ya mkono ulionyoshwa, khalafu aende zake.

Na wapandao wawili wakigongana katika kona, wote wawili bila ya kukusudia, wakafa, basi mafakihi hawakumtafuta mmoja wa kubeba yote. Waliigawa dhamana, jamaa za killa mmoja wakatoa nusu ya diya ya mwenziwe, kwani killa mmoja amekufa kwa tendo lake na tendo la mwenziwe. Leo hukumu ya ajali iko katika mahakama za serikali, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, wala hapana ruhusa kwa watu kujihukumia wenyewe njiani, au kumchoma moto mtu na pikipiki yake kama ilivyopata kutokea katika miji mingine. Lakin faini iliyolipwa mahakamani haikuondoi deni lililo baina ya mtu na Mola wake.

Na juu ya mwendo pana hisabu ambayo mtoto wa skuli aweza kuifanya. Chombo kiendacho kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 na zaidi katika nukta moja ya saa, yaani sekunde. Kikienda 60 hupita mita 16 na zaidi. Na mwanadamu, akiona kitu mbele yake, hupitwa na nukta nzima kabla mkono wake haujakaza breki. Basi mwenye kwenda 60 hupita urefu wa nyumba kubwa kabla hajaanza kusimama. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo haizidi mara mbili, huzidi mara nne. Kwa ajili hiyo sheria imeweka mwendo wa kilomita 50 uwe ndio mwisho katika barabara zipitazo penye makazi, na kwa njia nyembamba za udongo, penye watoto na mbuzi, mwenye akili huona kuwa hatta hiyo 50 ni nyingi mno. Nusu yake yatosha. Safari ya kilomita tano kwa mwendo wa 50 ni dakika 6. Kwa mwendo wa 25 ni dakika 12. Dakika sita ndizo zinazogombewa.

Yabaki matengenezo ya njia zenyewe, na hapa maneno si mengi. Adui wa njia ya udongo ni maji. Greda ikipita killa mwaka ikaukwangua udongo bila ya kurudisha, njia hushuka chini ya ardhi ya pande zote mbili, ikawa mto wakati wa masika, na waendao kwa miguu wakapanda ukingoni wakitafuta pa kukanyaga. Njia itakiwa iwe na mgongo katikati, na mitaro kandoni, na killa baada ya masafa mtaro utoe maji nje kuyapeleka porini. Na mtaro wenyewe usiwe mwembamba wenye kina kirefu kama kaburi, kwani mtu aliyepisha gari hana pa kuwekea mguu. Uwe mpana wenye mteremko mwepesi. Tena si lazima njia nzima itengenezwe ndipo ifae. Katika wilaya ya Bagamoyo, baina ya Bago na Talawanda, palifanywa jaribio la kutengeneza zile sehemu korofi tu, na mahala pengine pakawekwa mikanda miwili ya zege ya kupitia magurudumu. Mpanda baiskeli hupata katika mkanda huo njia nyofu isiyo na mchanga wala tope.

Na mbele ya skuli na vyuo, yafaa ufuatwe mfano wa Dar es Salaam, ambako shirika la Amend lilizunguka katika shule za msingi likafanya mambo madogo madogo: matuta yenye alama, vijia vya miguu, nguzo fupi za kuzuia vyombo visipande, na geti la skuli likahamishwa likaelekea upande usio na magari. Kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Kuhamisha geti kwahitaji fundi mmoja na siku mbili.

Ama walimu wa vyuo, nao wana sehemu yao, na isifichwe. Mwalimu anayewaachilia watoto baada ya Isha, wakaenda wenyewe katika giza masafa ya nusu saa, amewafundisha herufi na amewaacha na khatari. Darasa liwezalo kuhamishwa na lihamishwe baada ya Alasiri. Lisiloweza, watoto waende kwa kundi, mkubwa mbele na tochi na mkubwa nyuma na tochi, upande wa kulia wa njia, ili wavione vyombo vinavyowajia usoni, kwa kuwa vyombo vya nchi hii hushika kushoto. Kanzu nyeupe ya mvulana huonekana kwa mbali. Baibui jeusi la msichana halionekani hatta kwa taa. Basi msichana na avae mtandio mweupe juu yake anapotembea usiku, wala hilo halipunguzi sitara yake kwa lolote.

MAS-ALA YA MWISHO: Fedha zitoke wapi? Watu huuliza kama yafaa kutumia zaka kwa kujengea daraja au kufyeka njia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi haifai, kwani zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na daraja si mmoja wao. Na huulizwa tena juu ya fedha ya wakfu wa msikiti, nayo haifai vile vile. Kilichowekewa msikiti ni cha msikiti, japo njia ielekeayo msikitini imejaa mashimo. Lakin sadaka ya kawaida yafaa, na wakfu mpya wa daraja au wa njia ni sahihi, na mtu aliye na minazi miwili au duka dogo aweza kulifungia pato lake jambo hilo. Na kwa asiye na fedha upo msaragambo: siku moja katika mwezi, baada ya mavuno, mapanga na majembe, kona kwa kona. Fedha itakayokusanywa na iandikwe katika daftari lake, na sanduku lake liwekwe mbali na sanduku la msikiti, na funguo ziwe kwa watu wawili.